Uvimbe, Uchochezi au Mwako? Istilahi za Mafuta ya Chakula na Ugonjwa wa Endometriosisi

Kazi ya kusanifu istilahi aghalabu hufanyika mezani, na maneno hutufikia yakiwa yamekwisha pangwa kwa taaluma: kemia, tiba, kilimo, sheria. Maneno ninayokusudia kuyajadili hapa yalinifikia kwa njia nyingine. Mwaka 2023 nilikuwa likizo kwetu, wilayani Same, nikamkuta mdogo wangu wa kike amepika makande yasiyo na tone la mafuta. Makande ni chakula ambacho Watanzania wote hukinasibisha na sisi Wapare, na kila nyumba ina namna yake ya kuyaunga. Lakini haya yalikuwa ya maji na chumvi tu. Yeye aliyala bila kulalamika, mtoto wake akayakataa. Nilipomwuliza sababu, alinitolea karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye ushauri wa lishe, aliyopewa na mtu aliyemtakia mema. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, na sentensi aliyoipigia mstari ilisema: "Epuka mafuta yaliyojaa kwani huongeza uchochezi na uvimbe katika mji wa mimba."

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne na kusoma si tatizo kwake. Tuangalie basi jinsi alivyoielewa sentensi hiyo. "Mafuta yaliyojaa" aliyachukua kuwa ni mafuta mengi, kama tusemavyo debe limejaa. Na kwa kuwa hakuelezwa kiasi gani ndicho kingi, aliona salama ni kuyaacha yote. "Uvimbe" ulimtia hofu, maana alikwisha pigwa picha ya ultrasaundi na kuambiwa kwamba hana uvimbe wowote. Ama "uchochezi", alinijibu hivi: "Hilo niliruka, dada. Nilidhani ni mambo ya mahakamani." Pamoja na mafuta ya kupikia alikuwa ameacha karanga, parachichi na dagaa, kwa hoja kwamba navyo vina mafuta yake. Baada ya miezi minne ya mwiko huo nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya.

Dagaa ndicho chakula ambacho mwandishi wa karatasi ile, kama angeulizwa, pengine angemwomba akizidishe.

Sisimulii habari hizi ili kumlaumu mwandishi huyo. Maarifa alikuwa nayo, na nia ya kuyafikisha alikuwa nayo. Walioshindwa ni sisi ambao kazi yetu ni kumpatia maneno.

Ugonjwa wenyewe una jina lililotungwa kutokana na Kigiriki, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulitamka endometriosisi. Mji wa mimba umetandikwa ndani kwa utando laini ambao kila mwezi hunenepa kwa kungojea mimba, na mimba isipotunga utando huo hubanduka na kutoka pamoja na hedhi. Kwa mwanamke mwenye ugonjwa huu, tishu inayofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, nyuma ya mji wa mimba, juu ya utumbo au kibofu, na mara chache hata kifuani. Huko nako hufuata amri za homoni za kila mwezi. Hutoa damu isiyo na njia ya kutokea, mwili hupambana nayo, makovu hujengeka, na viungo vilivyopasa kuteleza hugandana. Daktari Mmarekani John Sampson alieleza mwaka 1927 kwamba chanzo ni damu ya hedhi inayorudi nyuma kupitia mirija ya uzazi. Maelezo yake bado yanatumika, ingawa hayatoshi, kwa kuwa damu hurudi nyuma kwa wanawake wengi na wachache tu ndio huugua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huwapata kiasi cha mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani kote.

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba viliuhesabu kuwa ugonjwa wa wanawake Wazungu wenye kipato kizuri. Mwaka 1976 Daktari Donald Chatman wa Chicago alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kwa wanawake Weusi 190, akaonyesha kuwa zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa nao, na kwamba si wachache miongoni mwao walikwisha kuambiwa kuwa wana maambukizi ya via vya uzazi. Habari hii yatuhusu. Mdogo wangu naye, kabla ya kupitishiwa kamera tumboni, alipita njia hiyo hiyo. Kwanza aliambiwa ni chango, neno ambalo limekuja kubeba utumbo, minyoo na maumivu ya tumbo la uzazi kwa pamoja. Halafu aliambiwa ni maambukizi, akameza viuavijasumu kwa vipindi vitatu. Safari moja aliambiwa kwa neno moja tu: uvimbe.

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Mwanamke wa leo akiambiwa "una uvimbe kwenye kizazi", huenda daktari anakusudia uvimbe wa misuli ya mji wa mimba, ambao si saratani. Huenda anakusudia kifuko chenye maji juu ya ovari. Huenda anakusudia saratani. Na huenda anakusudia lile pambano la mwili ambalo Kiingereza hulitenga kwa jina lake. Mambo manne yenye tiba nne tofauti yamepewa neno moja. Katika mazungumzo ya kawaida hilo si kosa, kwani lugha zote huwa na maneno mapana. Lakini istilahi haina budi kubagua, na isipobagua mgonjwa ndiye hulipa.

Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja dalili 4 za pambano hilo la mwili: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa hiyo uvimbe ni dalili moja tu kati ya 4, na kuupa ugonjwa wote jina hilo ni sawa na kuiita malaria kutetemeka. Tena katika endometriosisi uvimbe huo mara nyingi hauonekani hata kwa picha. Kuna seli za ulinzi zilizokusanyika, kuna kemikali za maumivu, kuna mishipa midogo ya damu na ya fahamu inayochipua, na juu ya yote hayo mgonjwa anaambiwa hana uvimbe, naye kwa haki kabisa huuliza: basi naumwa na nini?

Katika miaka ya karibuni limeenea neno "uchochezi", hasa katika maandishi yaliyofasiriwa kwa haraka au kwa mashine. Sina budi kulipinga. Kwanza, maana ya uchochezi kwa Mswahili imekwisha kaa: ni kuwatia watu fitina, na katika sheria ni kosa la jinai. Pili, kitenzi kuchochea kimekwisha tumika katika sayansi kwa shughuli nyingine. Tumekifanya kichocheo kuwa jina la kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia, na watu wengi hukitumia kwa homoni pia. Tukilikubali neno hilo tutalazimika siku moja kuandika kwamba kichocheo cha estrojeni huchochea uchochezi, sentensi ambayo ni sahihi kisayansi lakini hakuna atakayeisoma mara mbili kwa hiari yake.

Napendekeza tutazame moto. Kilatini kilichukua jina la hali hii kutokana na kuwasha moto, na Kiingereza kikarithi. Kiarabu husema iltihabu, kutokana na ndimi za moto. Wajerumani nao hutumia neno lililotokana na kuwasha. Hakuna haja ya kuiga mataifa hayo, kwa sababu hata sisi twasema kidonda kinawaka, jino linawaka, macho yananiwaka. Kutokana na kitenzi hicho tunalo jina mwako, lililo fupi, lenye mnyambuliko ulio wazi na lisilomtisha mtu. Kasoro yake naijua: wanakemia na mafundi hulitumia kwa kuungua kwa fueli, kama katika injini. Kwa maoni yangu kasoro hiyo yavumilika. Daktari wa Same na fundi wa gereji hawagombanii sentensi moja, na penye shaka twaweza kusema mwako wa tishu. Faida ni kwamba familia nzima ya maneno hupatikana papo hapo: mwako mkali, unaokuja ghafula na kupoa, mwako sugu, unaodumu miezi na miaka, dawa za kupoza mwako. Wapo watakaopendelea inflamesheni. Neno hilo laweza kukaa katika vitabu vya chuo, lakini halimwelezi chochote mtu asiyelijua tayari.

Sasa tuingie katika mafuta, ambayo ndiyo yaliyomnyima mtoto makande yake.

Neno mafuta kwa Kiswahili ni pana mno: twapikia mafuta, twajipaka mafuta, twawashia taa mafuta, na nyama iliyonona twasema ina mafuta. Kemia inahitaji kushuka chini zaidi. Sehemu kubwa ya mafuta ya chakula imejengwa kwa minyororo ya kaboni ambayo hufungwa mitatu mitatu kwenye kiini kimoja cha gliseroli. Kila mnyororo wa namna hiyo huitwa asidi mafuta. Tungeweza kusema tindikali mafuta, kwa kuwa tindikali ni neno la siku nyingi, lakini masikioni mwa Mtanzania tindikali ni maji ya betri na vitu wanavyomwagiwa watu usoni. Heri asidi, ambayo wanafunzi wameizoea.

Atomu ya kaboni yaweza kufikiriwa kuwa na mikono minne. Katika mnyororo, mikono miwili huwashika jirani wa kulia na wa kushoto, na miwili iliyobaki hushika haidrojeni. Kaboni zote zikiwa zimefanya hivyo, hakuna nafasi ya haidrojeni nyingine, na asidi mafuta hiyo imeshiba. Zikiwako kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili miwili, nafasi ingalipo, na asidi mafuta haijashiba. Hii ndiyo maana karatasi ya mdogo wangu ilikusudia kwa "yaliyojaa". Kama ingeandikwa "mafuta yaliyoshiba", huenda asingelielewa, lakini angeuliza. "Yaliyojaa" lilimfanya adhani ameelewa, jambo lililo baya zaidi. Nyama ya ng'ombe, samli, mawese na nazi zina asidi mafuta zilizoshiba kwa wingi. Katika mafuta ya nazi ni karibu tisa katika kumi, katika mawese karibu nusu. Mafuta ya alizeti yana kidogo.

Omega-3 na omega-6 hazihitaji tafsiri, zahitaji maelezo. Omega ni herufi ya mwisho ya Kigiriki, na wanakemia huhesabu kaboni kuanzia mwisho wa mkia wa mnyororo. Kifungo maradufu cha kwanza kikikutwa kwenye kaboni ya 3, asidi mafuta ni omega-3. Kikikutwa kwenye ya 6, ni omega-6. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea asili ya jamii hizi mbili, kwa hiyo lazima ziliwe. Alizeti ina omega-6 kwa wingi. Omega-3 ndefu, zile ziandikwazo kwa kifupi EPA na DHA, hupatikana hasa katika samaki, na dagaa wakavu wauzwao katika masoko yetu, ambao hupanda hadi vijiji vya Mbaga na Mamba, wanazo.

Uhusiano wa mambo haya na maumivu hupita katika kundi la kemikali ziitwazo prostaglandini. Ulf von Euler wa Sweden ndiye aliyezipa jina hilo katika miaka ya 1930, akidhani zatoka katika tezi ya prosteti. Baadaye ilijulikana kuwa tishu nyingi mno za mwili huzitengeneza, ukiwamo mji wa mimba, lakini jina la kosa likabaki. Nalitaja ili wale wanaotushutumu kwa istilahi zisizo kamili wajue kwamba hatuko peke yetu. Asidi mafuta ya omega-6 iitwayo arakidoniki hukaa katika utando wa seli. Ikitolewa pale, vimeng'enya huigeuza kuwa prostaglandini E2, ambayo hukaza misuli ya mji wa mimba, hunoa hisia ya maumivu na kuukuza mwako. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia hatua hii. Mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Katika endometriosisi pana duara lenye kuudhi: prostaglandini E2 huzisukuma tishu zilizopotea njia zitengeneze estrojeni yao wenyewe, nayo estrojeni huzifanya zitoe prostaglandini zaidi. EPA, kwa upande wake, hugombea vimeng'enya vile vile, na zao lake huwa na makali madogo.

Kutokana na maelezo hayo ingekuwa rahisi kutangaza kwamba omega-6 ni adui na omega-3 ni dawa, na wengi wametangaza hivyo. Ushahidi hauendi mbali namna hiyo. Kula alizeti zaidi hakujaonekana kuongeza kwa kiasi cha maana asidi arakidoniki wala dalili za mwako katika damu, kwa kuwa mwili una vizuizi vyake. Uchunguzi wa wauguzi wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010 na Stacey Missmer na wenzake, ulifuatilia wanawake 70,709 kwa miaka 12. Jumla ya mafuta waliyokula haikuhusiana na ugonjwa huu hata kidogo. Waliokula omega-3 ndefu kwa wingi zaidi walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 22 wa kugunduliwa nao, wakilinganishwa na waliokula kidogo kabisa. Na waliokula kwa wingi mafuta ya aina ya transi walikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 48. Hata hivyo, wasichana na wanawake vijana 69 walipopewa katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2020 vidonge vya mafuta ya samaki, au vitamini D, au vidonge visivyo na kitu, mafuta ya samaki hayakuvishinda vidonge visivyo na kitu katika kupunguza maumivu. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022 haukupendekeza chakula chochote maalumu.

Kwa maneno mengine, sayansi yenyewe haikumwambia mdogo wangu aache mafuta. Ilimwambia jambo dogo zaidi na lenye mashaka zaidi: kwamba aina ya mafuta huenda ikawa na maana kuliko wingi wake, kwamba samaki hana ubaya na huenda akafaa, na kwamba transi ni ya kuepukwa na kila mtu. Kusema mambo madogo yenye mashaka kwahitaji maneno makali kama kisu, na hapo ndipo tulipopungukiwa.

Transi nayo ina mtego wake. Hizi ni asidi mafuta ambazo kiwandani zimelishwa haidrojeni bila kushibishwa kabisa ili mafuta ya maji yagande, na Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 ziondolewe katika chakula cha viwandani. Sokoni watu husema mafuta ya mgando, na wengine hushauri tuchukue jina hilo. Sikubaliani nao. Mawese na nazi hujigandia zenyewe penye baridi, na asubuhi ya Julai huko juu milimani utayakuta yamesimama chupani, bila kiwanda chochote kuyagusa. Mgando ni hali ya mafuta na transi ni umbo la mnyororo. Tuseme asidi mafuta transi, na mgando tuuachie soko.

Limebaki jina la ugonjwa. Zimependekezwa tafsiri kadhaa za maelezo, kama vile "ugonjwa wa utando wa uzazi", ambayo yasema utando wenyewe ndio mgonjwa, kumbe kosa ni la mahali. Mtu angeweza kuunganisha maneno na kupata utandonje, kama tulivyopata chajio kutokana na chakula cha jioni. Nilipoliona mara ya kwanza nililipenda. Kisha nikakumbuka kuwa mgonjwa hulibeba jina la ugonjwa wake mkononi, kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa, na karatasi ya huko haitaandikwa utandonje. Kule Kenya mtangazaji Njambi Koikai, aliyejulikana zaidi kama Jahmby, aliusema ugonjwa huu hadharani kwa miaka mingi hadi alipofariki Juni 2024, na jina lililoingia masikioni mwa watu ni lile lile la kitaalamu. Kwa hiyo nashauri kutohoa: endometriosisi. Jina la ugonjwa lapaswa kutambulika na daktari, lakini neno la kinachotendeka mwilini lapaswa kueleweka na mgonjwa. Ndiyo maana la kwanza nimelitohoa na la pili nimelitafuta nyumbani.

Nilikaa na mdogo wangu jioni moja tukaiandika upya sentensi yake. Alipolisikia neno mwako alitikisa kichwa akasema hilo analijua, ndilo linalomwamsha usiku. Kisha akaniuliza kwa nini sisi wa ofisini hatukuwauliza bibi zetu kwanza, ambao wakitazama jeraha wana neno lao la joto lake, mbali na neno la kuvimba kwake. Sikuwa na jibu. Mapendekezo haya yatafikishwa kwenye kamati ya istilahi. Kabla ya hapo nawaomba wasomaji wasemao Chasu, Kigweno, Kisambaa, Kizigua na lugha nyingine zetu watuandikie: kidonda kikiwa chekundu, kina moto na chauma, lakini hakijavimba, kwenu husemwaje?